Saa ya Jua na Saa ya Ukutani

Mzee hutazama kivuli na kusema: «Ni saa sita.» Kijana hutazama saa ya mkono na kusema: «Bado.» Ni nani asemaye kweli?

1. Mstari wa Bologna. Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, limo kanisa kubwa la Mtakatifu Petronio. Mwaka 1655 mjuzi wa nyota, Giovanni Domenico Cassini, alichora sakafuni mwake mstari wa meta 67 hivi, utokao kusini kwenda kaskazini. Juu yake, meta 27, limo tundu dogo. Nuru ya jua hupenya tunduni na kuanguka sakafuni kama duara. Duara likigusa mstari, ni saa sita ya jua. Ndivyo ilivyochunguzwa siku ya Machi ambapo mchana hulingana na usiku, siku iliyo msingi wa hesabu ya Pasaka.

Walakini saa za mji hazikubaliani na mstari huo. Katikati ya Februari nuru huugusa zikionyesha saa sita na dakika 29 hivi. Mwanzo wa Novemba, dakika 2 hivi kabla ya saa sita.

2. Sababu mbili. Ya kwanza: dunia hulizunguka jua katika njia isiyo duara kamili, nayo imeinama. Kwa hiyo toka adhuhuri hata adhuhuri si saa 24 kamili daima. Saa ya ukutani hufuata wastani. Mwanzo wa Novemba jua huitangulia dakika 16. Katikati ya Februari huchelewa dakika 14.

Ya pili: jua halifiki pote pamoja. Zamani kila mji ulifuata jua lake. Baadaye watu walipatana kutumia saa moja katika eneo kubwa. Italia ilifanya hivyo mwaka 1893. Vivyo hivyo katika Kongo: jua hufika juu ya Lubumbashi dakika 49 hivi kabla ya Kinshasa, lakini saa za miji hiyo hupitana dakika 60 kamili.

3. Jibu. Mzee na kijana wote wawili husema kweli. Kivuli huonyesha jua la mahali pale. Saa huonyesha mapatano ya watu. Anayeitwa kwenye mkutano afuate mapatano, wala asimwite mzee mwongo.

Maulizo
Simika kijiti wima: kivuli chake ni kifupi kuliko vyote wakati gani?
Kwa nini saa za Kinshasa na Lubumbashi si sawa?