Karatasi na Bahasha: Mambo ya Kuamua Kabla ya Kulipia Kazi ya Uchapaji

Kuagiza kadi za mwaliko ni tofauti na kununua kitenge. Kitenge kisichopendeza chaweza kurudishwa dukani kikauzwa kwa mwingine; kadi iliyokwisha kuchapwa majina ya bwana na bibi harusi haimfai mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana mchapaji huomba malipo ya awali. Mlaji anayegundua kasoro baada ya kazi kukamilika hubaki na fedha chache na muda mfupi, ilhali tarehe ya harusi haisogei. Kinga iliyo bora ni ile inayotangulia mashine kuwashwa.

Somo hili linatumia mfano wa familia inayoagiza kadi 300 za mwaliko kwa fedha za michango. Kanuni zake zinafaa pia kwa vyeti, ratiba za ibada, vipeperushi na barua za vikundi. Baada ya kulisoma, mlaji ataweza kutaja ukubwa, uzito na aina ya karatasi anayoitaka, kuchagua bahasha inayolingana nayo, na kuandika agizo lisiloacha nafasi ya ubishi.

1. Anza na bahasha

Walaji wengi huchagua kadi kwanza, kisha hutafuta bahasha. Utaratibu huo huleta hasara, kwa kuwa kadi yaweza kukatwa kwa kipimo chochote, bali bahasha zilizopo madukani zina vipimo maalumu.

Karatasi tunazotumia hufuata mfululizo wa A. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikunja katikati unapata A5, yenye milimita 148 kwa 210. Ukiikunja A5 unapata A6, yenye milimita 105 kwa 148. Bahasha za mfululizo wa C zimepangwa kulingana na karatasi hizo: namba ya bahasha ni namba ya karatasi inayoingia bila kukunjwa.

Bahasha ya C6 (milimita 114 kwa 162) hupokea A6, au A5 iliyokunjwa mara moja.
Bahasha ya C5 (milimita 162 kwa 229) hupokea A5, au A4 iliyokunjwa mara moja.
Bahasha ya C4 (milimita 229 kwa 324) hupokea A4 bila kukunjwa. Ndiyo ifaayo kwa vyeti.
Bahasha ndefu ya DL (milimita 110 kwa 220) hupokea A4 iliyokunjwa sehemu tatu.

Tahadhari inahitajika kwa michoro ya kadi inayopatikana kwenye programu za simu na kompyuta. Mingi imepimwa kwa inchi, kama ilivyo desturi ya Marekani. Kadi ya inchi 5 kwa 7 ni sawa na takriban milimita 127 kwa 178: haiingii katika C6, na ndani ya C5 inapwaya. Kadi za mraba nazo huhitaji bahasha za kuagizwa peke yake. Kabla ya kuidhinisha mchoro, ingiza kipande cha karatasi cha kipimo hicho katika bahasha yenyewe. Kadi yenye utepe au kurasa za ndani huongezeka unene. Ijaribu ikiwa imekamilika.

2. Uzito wa karatasi

Maneno kama “nzito”, “ngumu” au “ya kisasa” hayamfungi mtu. Kipimo kinachomfunga muuzaji ni gramu kwa kila mita ya mraba, ambacho kwenye pakiti huandikwa gsm au g/m². Karatasi ya kawaida ya ofisi huwa na gramu 70 au 80. Barua rasmi hupendeza kwa gramu 100. Kipeperushi cha kukunja, kati ya gramu 130 na 170. Kadi ya mwaliko, kati ya gramu 250 na 300.

Uzito mkubwa una masharti yake. Karatasi inayozidi gramu 200 hivi yapasa kutiwa mfuo kwa mashine kabla ya kukunjwa. Isipotiwa, hupasuka kwenye kunjo na wino hubanduka. Mwulize mchapaji iwapo kazi ya mfuo imo katika bei. Kwa kadi zitakazotumwa kwa posta, kumbuka kwamba gharama hupanda kwa ngazi za uzito. Pima kadi moja pamoja na bahasha yake kabla ya kuagiza zote.

3. Karatasi na mashine

Mlaji anayechapa mwenyewe hana budi kujua printa yake. Printa ya wino wa maji hurashia wino, hivyo karatasi ya kung’aa isiyotengenezwa kwa ajili yake huacha wino ukichafuka unapoguswa. Printa ya leza huyeyusha tona kwa joto kali; karatasi ya picha iliyokusudiwa printa ya wino, au bahasha yenye dirisha la plastiki, yaweza kuyeyuka ndani yake na kuiharibu mashine. Soma maelezo ya pakiti na kitabu cha printa, hasa kiwango cha juu cha gramu kinachoruhusiwa.

Katika miji ya pwani, kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unyevu wa hewa hujikunjisha karatasi, na bahasha za gundi ya kulowanisha hujifunga zenyewe kabla ya kutumika. Ziache katika vifungashio vyake hadi siku ya kazi, na usizilaze sakafuni.

4. Kuikagua rimu

Rimu moja ni karatasi 500. Kwa kuwa karatasi 16 za A4 zina eneo la takriban mita moja ya mraba, karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu nzima kilo 2.5. Rimu ya gramu 70 ina takriban kilo 2.2.

Rimu iliyoandikwa gramu 80 ikiwa na kilo 2.2 tu, ama karatasi ni nyepesi ama idadi imepungua. Hesabu karatasi 100 uzipime: zikifika gramu 500, uzito ni sahihi na kasoro ni ya idadi, zikiwa karibu gramu 437, umeuziwa karatasi ya gramu 70. Malalamiko kuhusu uzito au idadi pungufu yapelekwe Wakala wa Vipimo.

5. Agizo kwa maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Agizo liandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili, likieleza:

(a) idadi ya kadi na ya bahasha, pamoja na bahasha za ziada kwa makosa ya kuandika majina;
(b) kipimo kwa milimita, uzito kwa gramu, rangi, na kama karatasi inang’aa au la;
(c) bei yote, malipo ya awali na salio;
(d) tarehe ya kukabidhi, na hatua itakayofuata ikichelewa.

Omba nakala moja ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika. Picha ya simu haionyeshi unene wala rangi halisi. Soma majina, tarehe, saa na mahali; kisha tia saini nyuma ya nakala hiyo na ubaki nayo moja. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli, na mnunuzi apewe nafasi ya kulinganisha. Nakala yenye saini ndiyo sampuli yako.

6. Kupokea mzigo

Kabla ya kulipa salio, hesabu kadi, chomoa chache kutoka juu, katikati na chini, zilinganishe na sampuli, na uziingize katika bahasha. Ukiona kasoro, iandike kwenye hati ya makabidhiano siku hiyohiyo. Dai risiti. Mchapaji akikataa kurekebisha kosa lililo lake, peleka agizo, sampuli na risiti Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Kadi ya A5 itakunjwa mara moja. Inahitaji bahasha ipi?
2. Mchapaji amekuahidi “karatasi nzuri, nzito”. Utamtaka aandike nini badala yake?
3. Karatasi 100 za A4 zina gramu 500, lakini rimu nzima ina kilo 2.3. Kasoro ni ipi, na utaipeleka wapi?