SOMO: KURASA MBILI PAMOJA

Leo tujifunze kusoma kurasa mbili za intaneti moja kando ya nyingine.

1. Sababu. Kumbukumbu la Torati 19:15 linakataa shahidi mmoja peke yake. Basi, na ukurasa mmoja ni shahidi mmoja.

2. Namna ya kufanya. Kwa kompyuta ya Windows, fungua kila ukurasa katika dirisha lake. Kwenye la kwanza, shikilia kitufe chenye alama ya Windows, kisha bonyeza mshale wa kushoto: dirisha linakwenda nusu ya kushoto. Kwenye la pili fanya vilevile kwa mshale wa kulia. Telefoni nyingi za Android nazo zinagawanya kioo, lakini ni kidogo, macho yanachoka upesi.

3. Mfano. Tuchukue ziwa letu hili tunaloliona kila siku pale bandarini. Kushoto weka ramani ya wakati wa Zaire: utasoma Ziwa Mobutu Sese Seko. Kulia weka ramani ya siku hizi: Ziwa Albert. Nani anadanganya? Hakuna. Mwingereza Samuel Baker aliliita Albert mwaka 1864, kwa jina la mume wa Malkia Victoria. Baadaye, wakati wa Zaire, likapewa jina la Mobutu. Mwaka 1997, utawala wake ulipoanguka, jina Albert likarudi. Na kabla ya hao wote, Wanyoro wa ng'ambo waliliita Mwitanzige. Mwenye kusoma upande wa kushoto tu ataandika kwenye Examen d'État jina lililokwisha kufutwa, halafu atashangaa pointi zimekwenda wapi.

4. Onyo. Kurasa mbili zenye maneno yaleyale na makosa yaleyale ni shahidi mmoja aliyebadilisha shati. Tazama nani ameandika, na mwaka gani.

Jambo hili si la mtihani tu. Hapa Ituri, uvumi wa telefoni moja unaweza kukimbiza kijiji kizima usiku. Kabla hatujapeleka habari kwa wengine, tutafute ya pili. Asiye na mashine aweke vitabu viwili juu ya meza moja. Kazi ni ileile.

Maswali
a) Kwa nini ramani zile mbili hazikubaliani?
b) Soma Mathayo 20:30 kando ya Marko 10:46. Vipofu walikuwa wangapi? Je, waandishi hawa wanapingana? Eleza.