Jua Ndani ya Paipu: Somo la Mwanga na Anga kwa Maonyesho ya Sayansi

Kila muhula wa kwanza, wanafunzi wa kaunti yetu ya Kilifi hubeba mabango na vifaa vyao kwenda Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo wazazi wengi bado huyaita Kongamano la Sayansi. Safari huanzia shuleni, hupitia kaunti ndogo na kaunti, kisha kanda ya Pwani, na mwisho taifa. Kutambuliwa katika ngazi ya kanda ni heshima kwa mwanafunzi, mwalimu na kijiji kizima.

Wazazi wengi hudhani mradi wa mwanga au wa nyota ni wa shule zenye maabara kubwa na darubini za bei ghali. Sivyo. Mwamuzi hamtuzi mwenye kifaa kinachong'aa. Humtuza mwanafunzi aliyeuliza swali wazi, akapima kwa uangalifu, na akaweza kueleza kwa nini vipimo vyake havikutoka sawa na vya kitabuni. Somo la mwezi huu linaonyesha jambo hilo kwa miradi miwili ambayo vifaa vyake hupatikana kwa fundi wa bomba, fundi seremala na duka la miwani.

Onyo kabla ya kuanza

Usilitazame jua moja kwa moja. Usilitazame kupitia lenzi, kamera wala darubini, hata kwa sekunde moja. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haihisi maumivu. Mtoto anaweza kuiunguza bila kusikia lolote, kisha saa chache baadaye akaanza kuona doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Wakati mwingine doa hilo haliondoki maishani.

Mradi wa kwanza: Jua lina upana gani?

Vifaa: paipu ya plastiki ya inchi nne, kipande cha kopo la soda, karatasi nyeupe, rula na utepe wa kubandikia.

Kata paipu tatu: ya mita 1, ya mita 2 na ya mita 3. Mwombe fundi atoboe kipande cha kopo kwa drili ya milimita 1.5, halafu ukisugue pole pole kwa msasa ili kingo za tundu ziwe laini. Funika mdomo mmoja wa paipu kwa kipande hicho. Mdomo wa pili uzibe kwa karatasi nyeupe, upande wake mweupe ukitazama ndani. Karibu na karatasi hiyo, kata dirisha dogo ubavuni mwa paipu ili uweze kuiona.

Fanya kazi asubuhi, kama saa tatu, jua likiwa halijafika utosini. Lipe jua mgongo. Egemeza paipu, tundu likielekea jua, ukiisogeza huku ukitazama kivuli chake ardhini. Kivuli kikiwa kifupi kabisa, paipu imelenga. Chungulia dirishani: utaona duara ndogo ya mwanga juu ya karatasi. Hiyo si alama ya tundu, ni taswira ya jua lenyewe.

Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo pembetatu iliyo kati ya jua na tundu ina umbo sawa na pembetatu iliyo kati ya tundu na karatasi. Hapo tunapata kanuni hii:

*Kipenyo cha jua = umbali wa jua × upana wa taswira ÷ urefu wa paipu.*

Umbali wa jua tunauchukua kitabuni: takriban kilomita 150,000,000.

Tuseme mwanafunzi amepima na kupata haya:

- Paipu ya mita 1: taswira milimita 11. Jua linatoka kilomita 1,650,000.
- Paipu ya mita 2: taswira milimita 20. Jua linatoka kilomita 1,500,000.
- Paipu ya mita 3: taswira milimita 29.5. Jua linatoka kilomita 1,475,000.

Kitabu kinasema kipenyo cha jua ni takriban kilomita 1,392,000. Majibu yote matatu yamezidi, na kila moja ni tofauti na mwenzake. Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Mwanafunzi huona aibu, hufuta namba za daftarini na kuandika zinazokaribia kitabu. Akifanya hivyo amepoteza mradi, kwa sababu ugunduzi wake umo ndani ya hayo makosa.

Afikiri hivi: jua haliwezi kupungua kwa sababu sisi tumeongeza urefu wa paipu. Basi kuna kitu kinachoongezwa kwenye kila kipimo, na athari yake hupungua paipu inapokuwa ndefu. Kitu hicho ni upana wa tundu. Mwanga kutoka ukingo mmoja wa jua haupiti kwenye nukta, hupita kwenye tundu zima lenye milimita 1.5. Kwa hiyo taswira hupanuka kwa kiasi hicho hicho, paipu iwe fupi au ndefu.

Dawa yake ni rahisi. Badala ya kutumia kipimo kimoja kimoja, tazama ongezeko. Kutoka mita 1 hadi mita 3, urefu umeongezeka milimita 2,000 na taswira imeongezeka milimita 18.5. Nyongeza ya tundu imo katika vipimo vyote viwili, hivyo ukitoa kimoja kwa kingine inajifuta. Sasa kokotoa:

*150,000,000 × 18.5 ÷ 2,000 = kilomita 1,387,500.*

Chora grafu ya upana wa taswira dhidi ya urefu wa paipu. Utapata mstari ulionyooka usiopita kwenye sufuri. Pale mstari unapokata mhimili wa upana utasoma kati ya milimita 1.5 na 2, yaani takriban upana wa tundu lako. Grafu imekuambia ukubwa wa tundu bila wewe kuliuliza.

Usishangilie mno, lakini. Rula ya shule husomeka vizuri hadi nusu milimita tu. Vipimo viwili vikikosewa nusu milimita kila kimoja, ongezeko linaweza kukosewa milimita nzima, na hiyo ni sawa na kilomita 75,000. Kwa hiyo jibu la kweli ni "kilomita 1,387,500, na huenda nimekosea kwa kilomita 75,000 juu au chini." Mwanafunzi anayesema hivyo mbele ya waamuzi anaonyesha kwamba anakijua kipimo chake. Anayesema "nimepata sawasawa na kitabu" ajiandae kwa maswali.

Mradi wa pili: Darubini ya lenzi mbili

Duka la miwani linaweza kukuuzia lenzi ya nguvu ya +1. Namba hiyo ina maana kwamba lenzi hukusanya mwanga wa kitu cha mbali katika umbali wa mita 1. Umbali huo huitwa urefu wa fokasi. Lenzi ya pili, ya kuweka jichoni, iwe kioo cha kukuzia chenye fokasi ya sentimita 5. Ukitaka kuhakikisha fokasi, simama ndani ya chumba na utupe taswira ya mnazi wa mbali juu ya ukuta, kisha upime umbali kutoka lenzi hadi ukutani.

Ukuzaji wa darubini ni fokasi ya lenzi kubwa ukigawanya kwa fokasi ya lenzi ya jichoni: 100 ÷ 5 = mara 20. Urefu kati ya lenzi hizo ni jumla ya fokasi zote mbili, yaani sentimita 105. Tumia paipu mbili zinazoingiana ili uweze kusogeza hadi picha itulie. Picha itakuwa imepinduka juu chini, na hilo si kosa.

Kosa utakaloliona ni rangi. Ukingo wa mwezi utakuwa na utando wa zambarau au mwekundu, kwa sababu kioo hupinda mwanga wa samawati zaidi ya mwekundu, na rangi hazikutani mahali pamoja. Hapo kuna swali zuri la mradi. Kata vipande vya kadi vyenye matundu ya milimita 10, 20, 30 na 40. Viweke mbele ya lenzi kubwa kimoja baada ya kingine. Bandika karatasi yenye herufi za ukubwa mbalimbali umbali wa mita 50, na uandike herufi ndogo kabisa inayosomeka kwa kila tundu. Tundu dogo hupunguza utando wa rangi lakini pia hupunguza mwanga. Tundu lipi linafaa zaidi? Jibu litatoka katika jedwali lako.

Usiku, lenga mwezi ukiwa nusu, utaona mashimo yake kando ya mstari wa kivuli. Kisha lenga sayari ya Mshtarii. Januari 1610, Galileo aliona miezi minne ya sayari hiyo kwa darubini ya ukuzaji wa takriban mara 20, sawa na hii yako. Chora mahali pa miezi hiyo kila usiku kwa wiki mbili, ukiandika tarehe na saa. Kifaa hiki ni cha usiku tu. Mchana kifungiwe kabatini, mbali na watoto.

Elimu hii haiko mbali nasi

Kutoka baharini hapa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa chombo kilichoitwa Uhuru. Kilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Miaka mingi baadaye, 15 Aprili 2023, Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 kutoka California, Marekani. Kazi yake ni kupiga picha za ardhi kutoka juu, na kamera yake hutegemea sheria zile zile za mwanga tulizozitumia kwenye paipu.

Tarehe ya kukumbuka: 2 Agosti 2027

Siku hiyo jua litapatwa. Kivuli kamili cha mwezi kitapita Afrika Kaskazini, Uarabuni na Somalia. Kenya tutaliona jua likimegwa upande mmoja tu, kwa hiyo hakuna hata dakika moja ambayo itakuwa salama kulitazama kwa macho matupu. Miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei, kioo chenye masizi na maji ya karai havikingi jicho. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu.

Au paipu yako. Ukilipa jua mgongo na kuchungulia dirishani, utaona duara la mwanga likimegwa kidogo kidogo kama mkate. Shule moja yenye paipu tatu inaweza kuwaonyesha watoto wa kijiji kizima bila jicho hata moja kuumia.

Mzazi, mtoto akilalamika kwamba anaona doa au ukungu baada ya kulitazama jua, mpeleke hospitali yenye kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Mwalimu, anzisha daftari la vipimo sasa, usingoje wiki ya maonyesho. Na wewe mwanafunzi, andika kila kipimo kwa kalamu ya wino. Kikiwa kibaya, kipige mstari mmoja ili kiendelee kusomeka. Huenda hicho ndicho mwamuzi atakachokuuliza.