Tukihesabu Vyoo: Asilimia Moja Haitoshi

Vikundi vingi vikiandika ombi la msaada huweka hesabu namna hii: "Asilimia 36 ya nyumba zetu hazina choo." Mfadhili akiuliza mmejuaje, jibu ni, "Tulizunguka." Basi tuone hesabu hiyo inaweza kubeba mzigo gani.

Tuseme eneo lenu lina nyumba 6,000. Hamwezi kuzipitia zote. Mkazipa nambari, mkapiga kura, zikatoka nyumba 100, mkazitembelea zote, hata ile ya ng'ambo ya mto. Mkakuta 36 hazina choo. Je, katika eneo zima ni asilimia 36 kamili? Si lazima. Kura nyingine ingetoa nyumba nyingine, pengine mngepata 31, pengine 42. Kwa hivyo tunatafuta mpaka wa chini na mpaka wa juu.

Chukueni kalkuleta, hata ya simu yatosha. Sehemu isiyo na choo ni 0.36, yenye choo ni 0.64. Zidisheni: 0.2304. Gawanyeni kwa zile nyumba 100: 0.002304. Kipeuo chake cha pili ni 0.048. Hicho ndicho kipimo cha kuyumba kwa kura. Kizidisheni kwa 1.96, mtapata kama 0.094, yaani asilimia 9 na kidogo. Toeni kwenye 36, kisha ongezeni kwenye 36: kutoka asilimia 27 hadi 45. Ni kama nyumba 1,600 hadi 2,700. Mwenye kununua saruji aione hiyo tofauti!

Na hiyo 1.96? Ni ya mtu anayetaka uhakika wa asilimia 95. Wazo hili lililetwa na mwanatakwimu Jerzy Neyman mwaka 1934. Vikundi 100 vikipiga kura kila kimoja peke yake na kufanya hesabu hii, mipaka ya vikundi 95 hivi itaushika ukweli. Vitano hivi vitakosa, na hakuna atakayejua kama yeye ni mmoja wao.

Mkitaka mipaka ikaribiane, tembeleeni nyumba 400. Ikiwa ni 36 kwa mia tena, mtapata 31 hadi 41. Kazi mara nne, upana nusu tu. Wahesabuji hununa wakisikia, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tufike penye shida. Mwaka unapita, mnapiga kura upya, katika nyumba 100 mnakuta 30 bila choo. Katibu anaandika mbio: "Mradi umepunguza tatizo." Ngoja kwanza. Mipaka ya sasa ni 21 hadi 39, ya mwaka jana 27 hadi 45. Tofauti ya 6 inaweza kuletwa na kura peke yake. Huenda mradi umesaidia kweli, lakini nyumba 100 haziwezi kuuthibitisha.

Tena hesabu hii haiponyi uchaguzi mbaya. Mkienda nyumba za kando ya barabara tu, kwa sababu kuna matope, hata 1.96 haitawaokoa.

Itumieni pale ambapo walio nacho na wasio nacho wote wamefika angalau 10. Mkitembelea nyumba 30 msikute hata moja isiyo na choo, kalkuleta itasema 0 hadi 0, kumbe si kweli. Hapo gawanyeni 3 kwa 30: mpaka wa juu ni kama asilimia 10.