Mbunge anapita kabla ya Bunge la Bajeti, tumwambie nini?

*Mbunge wetu hupita kijijini kabla ya kurudi Dodoma. Tunasema, anaandika, anaondoka. Tufanyeje tusikike? – Mvuvi, Liuli*

Ndugu Mvuvi, una haki ya kuchoka. Tatizo mara nyingi ni muda: Bunge la Bajeti huanza Aprili, wakati mipango mingi imeshaandikwa. Mwiteni Januari. Na kwenye mkutano wa hadhara kero ishirini humezana, basi chagueni moja, gati au soko la samaki, mkamkabidhi pamoja na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Na kero ndogo, kama paa la darasa? Hilo ulizeni Mfuko wa Jimbo. Kamati ya mfuko huo anaiongoza mbunge mwenyewe. Pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la Wilaya ya Nyasa, na vikao vya baraza hilo ni vya wazi. Akikwepa, mbaneni diwani.