Watalii Wakikatika Ghafla: Somo Kutoka Mikumi

Wanafunzi wenzangu, darasani tunafundishwa kwamba utalii ni biashara ya imani. Mgeni hulipia safari kabla hajaiona, hivyo hofu kidogo tu inatosha kumfanya aghairi. Mimi somo hilo nililipata nyumbani Mikumi, wilaya ya Kilosa, kabla sijalikuta chuoni.

Korona ilipoingia mwaka 2020, ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena Mei. Lakini kufungua anga si kuleta wageni. Watalii wa kimataifa walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, pungufu ya karibu asilimia 59. Kwetu takwimu hiyo ilikuwa na sura: mjomba, dereva wa watalii, alipaki gari chini ya mwembe miezi na miezi.

Kilichotuokoa ni jiko la mama. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na madereva wa malori lazima wale. Mjomba alipotaka kuuza gari, mama alimwambia, "Kaka, usiuze jembe kwa sababu ya kiangazi." Tukala ugali wa malori, gari likabaki.

Hapa kuna mambo matatu ya kujifunza. Kwanza, taarifa. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Afrika Magharibi, lakini watu waliahirisha safari za huku kwetu. Msafiri wa mbali anaiona Afrika kama kijiji kimoja, kwa hiyo tumweleze ukweli mapema: ugonjwa uko wapi, na umbali gani. Ukificha, hatakuamini hata siku ukisema kweli.

Pili, soko la ndani. Mikumi iko takriban kilomita 300 tu kutoka Dar es Salaam. Wateja wa kwanza wa mjomba baada ya ukame ule walikuwa wanafunzi kama sisi, waliochangishana.

Tatu, akiba. Madereva na waongozaji wengi ni vibarua. Msimu ukifa, hawana pa kushika. Mfuko wa dharura uchangiwe wakati wa neema, si msiba ukishabisha hodi.

Mwaka 2023 watalii walifika 1,808,205, zaidi ya kabla ya korona. Mjomba yuko barabarani. Wenzake kadhaa waliouza magari wanamwangalia akipita. Wageni walirudi, jamani. Magari yaliyouzwa hayakurudi.