Joto la Jioni Huandaliwa Saa Kumi

Jua la Bukavu haliagi. Saa kumi na mbili liko pale, juu ya vilima vya Kabare. Ukigeuka kufunga dirisha, limeshakwenda. Baridi inateremka kutoka mlimani, umeme wa SNEL unakatika, na wewe unapapasa gizani ukitafuta kiberiti.

Tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndugu yako wa Uvira, kule chini Tanganyika, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Wewe unatafuta sweta. Kwa hiyo ushauri wa watu wa feni na barafu waachie wenyewe. Raha ya hapa ni joto, ukavu, na kitu cha moto mkononi.

Nina sheria moja tu: jioni hutengenezwa saa kumi, ukiwa bado unaona. Mengi nitakayokuambia hayahitaji pesa. Yanahitaji uwahi.

Kitanda ndicho kinachoanza, tena asubuhi. Tangu Septemba hadi Mei mvua yetu hupenda kuja baada ya chakula cha mchana. Ukiamka ukaona jua, toa blanketi na mto nje kabla hujanywa chai. Virudishe saa sita, hata kama mbingu ni safi kabisa. Anga la Bukavu mchana si la kuaminiwa. Usiku utavuta blanketi hadi shingoni na utasikia harufu ya jua. Hakuna sabuni inayonukia hivyo.

Godoro nalo liinue. Sponji iliyolazwa juu ya sementi hunyonya unyevu usiku kucha, na mgongo wako ndio unaolipa. Mbao chache zilizopangwa kwa nafasi zinatosha. Liache mbali na ukuta kwa upana wa ngumi, hasa kama nyumba yako imekatwa ndani ya mlima, kama nyingi za Kadutu. Ukuta ule wa nyuma una maji hata kiangazi.

Juu ya mto usitundike kitu kizito. Waliokuwa hapa Februari 2008, ardhi ilipotikisika, hawahitaji maelezo.

Sasa ziba upepo. Chukua mguu mmoja wa suruali kuukuu, ujaze unga wa mbao, shona ncha zote mbili. Fundi seremala atakupa huo unga bure, atafurahi umemsaidia kufagia. Laza kitu hicho chini ya mlango kila jioni. Watoto wangu wanakiita nyoka, na kumlaza nyoka ni kazi yao. Kama kuta zako ni za mbao, bandika magazeti kwenye nyufa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kisha funika kwa kikwembe ulichochoka kukivaa. Utapata ukuta wenye maua na chumba kisichopiga mluzi.

Matope ya Bukavu hayana adabu, yanaingia bila kubisha. Weka gunia nje ya mlango na jingine ndani. Kando ya lile la ndani ziwepo kambambili kavu, jozi moja kwa kila mtu. Viatu vya njiani visivuke gunia la pili. Ukishinda vita hii, utakuwa umepunguza nusu ya kufagia na nusu ya ugomvi.

Manjanja ya paa hayazibwi siku ya mvua. Siku ya mvua kazi yako ni moja: kuona tone linaanguka wapi, kuweka beseni, na kuchora alama ya makala ukutani mahali palipo karibu. Jua likitoka, panda na lami yako, alama itakuongoza. Baada ya hapo ile kelele ya mvua juu ya bati, inayomtisha mgeni, kwako inakuwa wimbo wa kulalia.

Tuje kwenye termosi. Kama ungeniruhusu kitu kimoja tu katika nyumba nzima, ningechukua termosi. Lakini watu wengi wanaitumia vibaya, halafu wanailaumu. Kwanza ioshe kwa maji ya moto, ifunge, subiri dakika tano, mwaga. Ukimimina chai kwenye chupa baridi, joto la kwanza linakwenda kupasha chupa. Kisha ijaze hadi juu, kwa sababu ikiwa nusu, hewa iliyobaki inapoza. Mwisho, ifunge na usiifungue-fungue kila dakika kuangalia kama bado ipo.

Chai yenyewe iandae saa kumi, wakati makala ya mchana bado yana uhai. Ponda tangawizi, usikate, ili itoe ukali wote. Kama una maziwa, chemsha pamoja. Wazee husema jina la mji huu linatokana na ng'ombe, nkafu kwa Mashi. Sisi tunaokunywa chai ya rangi hapa tuna la kujibu.

Kahawa ina siri yake, na siri hiyo ni mlima. Sehemu za chini, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu hewa ni nyepesi zaidi. Wataalamu wa kahawa huwaambia watu wa pwani wasubiri maji yapoe kidogo kabla ya kumimina, yasije yakaunguza unga. Wewe huna haja ya kusubiri. Yakichemka tu, mimina. Kijiko kikubwa kimoja cha unga kwa kikombe, funika dakika nne, chuja. Na tafadhali, kunywa arabika ya hapa. Inalimwa Kalehe, Kabare na kisiwani Idjwi, inapakiwa kwenda Ulaya, nasi tunabaki tukikoroga ile ya unga wa kopo. Nunua kidogo kidogo iliyokaangwa karibuni. Unga wa kahawa uliokaa mwezi wazi ni vumbi tu.

Mlima huohuo ndio unaokucheleweshea maharagi. Maji yasiyofika nyuzi 100 huchukua muda mrefu kulainisha punje, na kila dakika ni makala. Kwa hiyo yaloweke tangu usiku, mwaga yale maji, weka mapya. Yachemshe kwa nguvu kwa dakika 30 kamili. Usipunguze hapo, maana maharagi mabichi huumiza tumbo. Kisha fanya hivi.

Tafuta kikapu kikubwa kuliko sufuria. Tandika ndani majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, unene wa kiganja, chini na pembeni. Epua sufuria ikiwa bado inatokota, ifunike, itumbukize kikapuni, juu weka mto mdogo au blanketi lililokunjwa. Ondoka. Saa nne baadaye maharagi yameiva au yamebakiza kuchemshwa kidogo tu, na hukuchoma makala hata moja ya ziada. Mara ya kwanza utashindwa kujizuia, utafungua kuangalia. Usifungue. Ukiyaweka saa saba mchana, saa kumi na mbili unaongeza kitunguu na mafuta, mnakula. Gunia la makala litadumu zaidi, na miti ya kandokando ya Kahuzi-Biega itapumua nayo.

Hapa nipunguze utani. Mbabula isiingie chumba cha kulala. Najua inavutia, hasa Juni na Julai pepo za kiangazi zinapokata. Najua pia utaniambia makala yameshashika, hayatoi moshi. Hayo yasiyotoa moshi ndiyo hatari. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Mtu husikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Pika nje au jikoni penye mlango wazi. Ukimaliza, mbabula ilale nje.

Badala yake, peleka maji ya moto kitandani. Mfuko wa mpira wa maji ya moto ukiupata sokoni, nunua. Usipoupata, chukua kibidoni kidogo cha plastiki nene, jaza maji ambayo kidole chako kinaweza kuyavumilia, kaza kifuniko, kigeuze juu chini uhakikishe hakivuji, kizungushie kikwembe. Kiweke miguuni nusu saa kabla hujalala. Chupa nyembamba ya maji ya kunywa isikudanganye: hujikunja ikiona moto, na utalala kwenye ziwa.

Miguu ikishapata joto, mwili wote unafuata. Ndiyo maana siku uliyopanda na kushuka ngazi za mji huu mara tatu, beseni la maji ya vuguvugu na chumvi kidogo hufanya kazi kuliko mazungumzo marefu. Dakika 10, kausha vizuri katikati ya vidole, vaa soksi.

Maji hayo yatoke wapi, wakati bomba la REGIDESO lina siku zake? Bidoni moja iwe ya akiba na isiguswe, hata mgeni akija. Kiangazi, weka nyingine juani tangu saa tatu asubuhi, iegemee ukuta unaopigwa na jua. Saa kumi maji ni vuguvugu, unaoga bila kuwasha kitu. Oga hapo hapo. Ukisema utaoga usiku, maji yatakuwa yamerudi kuwa ya ziwa.

Kuhusu mwanga, taa ndogo ya sola imekuwa mkombozi wa nyumba zetu. Ielekeze kwenye jua asubuhi, usiiache dirishani nyuma ya pazia ukitegemea miujiza. Usiku iweke chini, juu ya kigoda au sakafuni, ielekee ukutani. Mwanga unaogonga ukuta mweupe na kurudi hauumizi macho, na chumba kidogo kinaonekana kipana. Ukinunua balbu, chagua ya njano kwa sebuleni. Nyeupe kali iachie jikoni, ambako unataka kuona mawe kwenye mchele.

Mshumaa ni mzuri kuutazama, lakini katika mitaa yetu nyumba za mbao zimebanana, na moto wa nyumba moja unakuwa wa mtaa mzima. Ukilazimika kuuwasha, usimamishe katikati ya sahani yenye mchanga, mbali na pazia. Ukisinzia kidogo tu, uzime.

Chakula cha jioni ya baridi kisikuchoshe. Sambaza zinatosha, lakini nunua kwa kuangalia mwezi. Wavuvi huzivuta kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa zao hazifui dafu, samaki wanatawanyika. Nyakati za giza ndipo zinapatikana kwa wingi na bei inalegea. Ukipata nyingi, zikaange zikauke kabisa, ziache zipoe wazi, kisha zihifadhi kwenye chombo kinachofunga. Siku ambayo hutaki kupika, utachukua mkono mmoja wa sambaza, bugali moto na lenga-lenga, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa mvivu. Mkate na kipande cha jibini ya Masisi, ile ya duara tunayoiita ya Goma, pia ni chakula halali. Usimwache mtu akuonee huruma.

Halafu simu. Mji huu umeona mengi, na simu huyaleta yote kitandani. Mimi nasikiliza habari mara moja, mapema jioni, kwenye redio, Okapi au Maendeleo, kwa sauti ya mtu aliyetulia. Zikiisha, nimemaliza. Simu naichaji sebuleni, si chini ya mto. Jambo la kweli na la haraka, jirani atabisha hodi.

Hodi yenyewe iandalie. Watu wengi wa Bukavu wana ziwa machoni na hawalitazami. Kama mtaa wako umetulia, sogeza kiti mlangoni au dirishani, jisitiri kwa kikwembe mabegani. Ukiwa Nguba au Muhumba, ziwa liko karibu. Ukiwa Kadutu juu, unaliona pana zaidi, na hilo halina kodi. Usiku wa giza utaona taa za wavuvi wa sambaza, kila moja juu ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Kukiwa kimya, utasikia hata nyimbo zao.

Weka viti viwili, na termosi katikati. Mama wa nyumba ya pili akipita na kukuuliza unangoja nani, mwambie akae, umimine.